Mawingu: Hapana

Mwanamume akikaa kwenye basi saa tisa nzima ili aje akuone, kisha akifika anakaa kitini na kunyamaza kama anayesubiri zamu hospitalini, hapo pana jambo. Mimi sikulijua. Nilichojua ni kwamba ilikuwa Jumamosi, saa nane na nusu mchana, na kura ilikuwa inafungwa saa kumi na mbili jioni. Na yule niliyekuwa nikiandikiana naye kila asubuhi kwa miaka miwili bila kumwona uso alikuwa sebuleni kwetu, kavaa shati lililokosa kifungo kimoja, macho kayakaza kwenye kikombe cha chai.

Kwenye mradi wetu tunamwita Mawingu. Jina alilopewa na wazazi wake ninalo, lakini nikilitamka naona kama namsema mtu mwingine. Mradi wenyewe ni programu ya kuigiza urubani: unakaa mbele ya kompyuta, unashika usukani mdogo wa mezani, unarusha ndege bila kutoka nyumbani. Tunaitengeneza watu kama arobaini, kila mtu yuko kwake, halipwi yeyote, na anayeitaka anaichukua bure na kuifumua apendavyo aone imeshonwaje. Mawingu ndiye anayechora anga. Mimi kazi yangu ni kupima. Mtu akileta kitu kipya, ni mimi ninayesema kinakimbia au kinajikokota, na ndiyo maana wananiita Mpimaji. Neno langu lilikuwa linaaminika, nasema bila haya, kwa sababu nilikuwa sijawahi kukosea.

Kura ilihusu maktaba ya kuchorea. Kwa watu wa kompyuta, maktaba si chumba cha vitabu. Ni furushi la kazi ambazo wengine wameshazifanya, nawe unaziazima usije ukaanza kila kitu upya. Ile yetu ya zamani ndiyo iliyokuwa ikichora ardhi, anga na ndege tangu mradi uanze. Mawingu alitaka tuhamie ya kisasa, na alikuwa ameshatumia jioni zake za miaka miwili kuhamisha kila kitu peke yake, mstari kwa mstari. Kura ikikubali, kazi yake inaingia. Ikikataa, inatupwa, na hakuna atakayekuja kuiokota.

Sasa mimi, siku tano kabla, nilikuwa nimeweka vipimo vyangu ukumbini, yaani kwenye ule ukurasa wa mtandaoni tunakojadiliana. Kwenye kompyuta dhaifu, maktaba ya zamani ilichora picha thelathini na nane kwa sekunde. Mpya ilichora kumi na nne. Ndege ikitaka kuruka bila kushtukashtuka inahitaji kama thelathini hivi, kwa hiyo hapo hapakuhitaji mwalimu. Waliokuwa upande wake wakaanza kuhama mmoja mmoja, kila mtu akitaja vipimo vyangu.

Nilidhani atanijia juu. Aliandika “Asante kwa kazi”, basi. Kesho yake asubuhi akanisimulia mvua ya kwao na paka wa jirani aliyeingia kabatini, kama kawaida yake. Ijumaa akauliza kama anaweza kuja kunisalimia. Vidole vyangu viliandika “njoo” kabla kichwa hakijashauriwa.

Nisije nikamsahau Baba, maana kwetu ukimsahau Baba anakukumbusha mwenyewe. Ile kompyuta dhaifu niliyopimia ni yake. Baba alikuwa rubani wa ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani, miaka ishirini na sita, mpaka siku daktari alipompima moyo na kumwambia sasa basi. Mtaani bado wanamwita Kapteni. Alikaa miezi minane anatazama ukuta. Ndipo nikamwekea programu yetu kwenye kompyuta yangu ya zamani, na tangu hapo kila saa kumi jioni anavaa viatu, ndiyo, viatu humo humo ndani, anaketi na kuruka. Alipopata habari kwamba kuna mtu analeta kitu ambacho kompyuta yake haitakimudu, alimchukia hata kabla ya kumwona. “Daktari kanishusha mara moja,” aliniambia. “Huyu anataka kunishusha mara ya pili. Na wewe kutwa unachekea simu.”

Kwa hiyo Mawingu alipobisha hodi na kumpa shikamoo, Baba aliitikia kwa ile sauti ya kumwitikia fundi aliyechelewa. Akamuuliza kama ndiye mwenye maktaba. Mawingu akasema ndiye. Baba akamuuliza, ukiacha hizo kazi za bure, anakula kwa kazi gani. Mawingu akasema ni fundi wa lifti.

“Aa. Kumbe kuwashusha watu ndiyo kazi yako.”

“Na kuwapandisha pia, mzee,” alijibu, kwa adabu zote.

Niliona mdomo wa Baba ukitaka kucheka akauzuia. Mama, ambaye hana ugomvi na maktaba yoyote, akamwongezea mgeni mkate na kumuuliza maswali yake mwenyewe: mama yake yu mzima, wamezaliwa wangapi, anaishi na nani, nani anampikia. Kila jibu alikuwa ananitupia jicho mimi, kana kwamba ni mimi ninayeandika. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na sofa.

Na yeye je? Yeye aliniangalia mara tatu. Nilihesabu, kwa sababu kupima ndiyo kazi yangu. Ya kwanza mlangoni, akaangalia chini upesi. Ya pili nilipomwekea sukari, akaangalia mkono wangu badala ya uso. Ya tatu nilimkuta ameshaniangalia muda mrefu, na hakuondoa macho, na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo mimi sikuwa nimempa, au nilidhani sijampa. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomfikiria, na sauti yake nzito kuliko barua zake, na nilikuwa nimeshampenda zamani, hapo sikuwa na swali. Swali lilikuwa mbona mtu wangu, aliyekuwa akinichekesha asubuhi mia saba, amekuja na uso wa msiba.

Saa kumi Baba akaenda chumbani kutafuta viatu. Mama akatoa vyombo akaenda jikoni, na mlango wa jikoni, ambao siku zote unafungwa, akauacha wazi kidogo. Tukabaki wawili. Mawingu akasogeza kikombe pembeni.

“Hujapiga kura bado,” akasema.

“Nilikuwa nakusubiri wewe.”

“Usinipigie mimi.”

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza kama amekaa kwenye basi saa tisa nzima kuja kuniambia nisimpigie kura, jambo ambalo angeweza kuliandika kwa maneno mawili akalala zake. Akasema hapana, amekuja kuniuliza kitu. Amejiuliza njia nzima namna ya kukiuliza, na sasa amefika amekosa pa kuanzia. Kisha akatoa simu, akafungua kitu, akaniwekea mkononi.

“Mstari wa mia mbili na kumi na moja. Usome.”

Programu yetu kila ikiruka inajiandikia daftari: saa ngapi imewashwa, ardhi ipi imechorwa, nini kimewashwa na nini kimezimwa. Mimi nikiweka vipimo, naweka na daftari lake, anayetaka kuhakiki ahakiki. Hakuna anayehakiki. Lile lilikuwa daftari langu la maktaba ya zamani, nami nikasoma mstari wa mia mbili na kumi na moja. Ulisema: mawingu, hapana.

Akanifungulia la pili, la maktaba mpya. Mawingu, ndiyo.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Miaka miwili nyuma, siku ile ninamwekea Baba programu, nilizima mawingu ili ndege yake iruke kwa wepesi, kisha nikasahau kabisa kwamba niliwahi kuyazima. Siku tano nyuma nilipoiweka maktaba mpya kwenye kompyuta ile ile, yenyewe ikaja na mawingu yamewashwa, kama inavyokuja kwa kila mtu. Nami nikapima zote mbili, nikatoa hukumu. Ilikuwa sawa na kushindanisha mikokoteni miwili, mmoja mtupu na mwingine umejaa matofali, halafu ukaulaumu wa matofali kwa uvivu.

“Hili umeliona lini?” nikamuuliza.

“Siku ile ile. Hazikupita dakika kumi.”

“Na hukusema.”

“Sikusema.”

“Kwa nini?”

Jikoni maji ya bomba yakanyamaza, kwa hiyo nikajua Mama yuko nasi. Mawingu akasema, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani:

“Nilidhani umefanya makusudi.”

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Nimetukanwa na watu wengi ukumbini, wengine kwa lugha nisizozijua, lakini hakuna tusi lililowahi kuniingia namna ile. Nikamwambia kwa hiyo siku tano nzima ameniona mwongo. Ameniona nachakachua vipimo mchana kweupe ili nimuue kazi yake, na bado kila asubuhi akaniandikia habari za paka.

“Paka hana kosa,” akasema.

“Usinichekeshe.”

“Sikuchekeshi. Wala sikukuona mwongo. Nilikuona mtoto wa mtu.” Sasa alikuwa ananitazama sawasawa. “Ulishanisimulia viatu. Ulishanisimulia ile miezi minane. Niliuona ule mstari nikasema, huyu ameamua kumlinda baba yake. Mimi ni nani niende kumuumbua mbele ya watu arobaini? Ningeipata maktaba nikakukosa wewe.”

Mwanamume ameona miaka miwili ya jasho lake inakwenda na maji, ufunguo wa kuiokoa anao mfukoni, na akauacha humo humo kwa ajili yangu. Hilo ni penzi, nani atabisha. Lakini mwanamume huyo huyo ameamini, bila kuniuliza, kwamba mimi ni mtu wa kudanganya. Hilo nalo ni nini? Moyo wangu mmoja ulitaka kumkumbatia, mwingine ulitaka kumwonyesha mlango, na yote miwili ilikuwa inapiga kwa wakati mmoja.

“Basi kwa nini umekuja?” nikauliza. “Si ungeniacha hivyo hivyo na baba yangu?”

“Kwa sababu juzi usiku nilishindwa kulala. Nikawaza, je, kama hakujua? Kama hakujua, basi nimemdhania vibaya mtu ninayemheshimu kuliko wote. Na hilo haliulizwi kwa barua. Nilitaka nikuulize nikiwa nakuona uso.”

“Na uso unasemaje?”

“Unasema hukujua,” akasema. “Nisamehe.”

Sikumsamehe, na sikumkatalia. Nilisikia viatu vya Baba vinakuja ukumbini kwetu, ule wa nyumba, nikashukuru Mungu kwa mara ya kwanza kwa viatu vile. Nikamwambia Baba nahitaji kompyuta yake. Akasema saa kumi ni saa yake. Nikamwambia nimekosea vipimo, na nina chini ya saa mbili za kuvisahihisha. Baba alinitazama, akamtazama mgeni, akauliza kama ni mgeni huyu ndiye aliyenishawishi kwamba nimekosea. Nikasema hapana, ni macho yangu. Hakuamini, lakini akaketi mbele ya kompyuta yake, akasema kama ni kupima nipime yeye akiwa amekaa, ndege yake hairushwi na mwingine.

Basi tukapima hivyo, Baba anarusha, mimi nimesimama bega la kulia naandika, Mawingu kasimama mbali karibu na dirisha, kakataa hata kuigusa meza, watu wasije wakasema. Nilianza bila mawingu. Ya zamani thelathini na nane, kama mwanzo. Mpya thelathini na tano. Nikarudia nisije nikajidanganya: thelathini na tano. Kwa hiyo Baba angeweza kuruka na maktaba mpya kama anavyoruka siku zote, na wala asijue tofauti. Woga wake wote, na chuki yake yote, vilijengwa juu ya kosa langu.

Kisha nikawasha mawingu kwenye ile ya zamani. Tisa. Skrini ikafunikwa na ukungu wa kijivu usio na umbo, ndege ikagandaganda kama inayopanda ngazi. Baba akasonya.

Nikaweka mpya, na mawingu yamewashwa. Ilikuwa kumi na nne tu, bado inashtuka, kompyuta ile hata umwite nani haiwezi zaidi. Lakini kilichotokea kwenye skrini mimi mwenyewe sikuwa nimekitazama; siku ile ya kwanza macho yangu yalikuwa kwenye namba tu. Yalikuja kutoka kushoto, mazito chini na meupe juu, na jua limeyapiga ubavuni, na kivuli chake kinatembea mashambani. Baba akaacha kusonya.

“Haya ni nini?” akauliza.

“Mawingu, Baba.”

“Nayajua mawingu. Nauliza yametoka wapi. Miaka miwili narusha kwenye anga tupu. Nilidhani hamjayatengeneza.”

Nikamwambia yalikuwepo, nilimzimia mimi. Aliinamisha ndege kidogo, akapita chini ya wingu la kwanza, na niliona bega lake la kushoto linashuka pamoja na ndege, vile alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo ananionyesha kwa mkono jinsi ya kukwepa. Nikamwambia inashtuka sana, Baba, ngoja nikuzimie. Akasema acha hivyo hivyo. Nikageuka dirishani, Mawingu alikuwa anamtazama Baba, na macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyapangusa.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tano. Nikakimbilia kompyuta yangu kuandika masahihisho. Niliandika kila kitu: nilipokosea, namba mpya, madaftari yote. Kujisema mbele ya watu arobaini kwamba umekosea kunauma, lakini ni kama sindano, ukishachomwa basi. Kisha nikafika kwenye fomu yenyewe, na mkono ukasimama.

Kila kipimo kwenye mradi wetu kinakwenda na fomu ya mistari mitano. Wa tatu unasema: uhusiano wa mpimaji na mwenye kazi. Aliuweka Katibu wetu, mama mmoja mkali anayetunza kanuni, baada ya bwana mmoja kupima kazi ya shemeji yake na kuisifu mpaka ikaharibu kila kitu. Ukiandika hakuna, vipimo vinahesabiwa. Ukiandika kingine chochote, vipimo vyako vyote juu ya kazi ile vinafutwa, na kura yako nayo inafutwa. Nimeujaza mstari ule mara mia, na kila mara nimeandika hakuna, bila hata kuusoma.

Nikamwita. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma, nikasikia pumzi yake inabadilika.

“Niandike nini hapa?” nikamuuliza.

“Usiniulize mimi. Mimi nina maslahi.”

“Nikiandika hakuna, kazi yako inapona.”

“Inapona.”

“Na wewe?”

“Mimi nitaondoka na basi la saa moja,” akasema. “Nitakuwa nimeshajibiwa.”

Nikabaki natazama mstari. Hivi kweli ningekuwa nadanganya? Hajawahi kunishika mkono. Hajawahi kunitamkia neno, wala mimi sijamtamkia. Hapana posa, hapana ahadi, na saa moja tu iliyopita nilitaka kumfukuza. Ukienda mahakamani na ushahidi huo, hakimu mwenyewe angesema hakuna. Na Mawingu angeipata maktaba yake, na Baba angeyapata mawingu yake rasmi, na kila mtu angekwenda kulala. Nilitaka sana kuwafanyia hivyo. Miaka miwili ya mtu ilikuwa chini ya kidole changu.

Lakini kwa nini basi asubuhi ile nilipiga sketi pasi mara mbili? Kwa nini nilihesabu macho yake? Mtu ambaye ameniona mwongo kwa siku tano, akanivumilia, halafu akaja kuniomba radhi kwa kunidhania, huyo nimwandikie kwamba hakuna? Na kama ningeliandika hilo nikijua, basi ule mstari wa mia mbili na kumi na moja ningekuwa kweli nimeufanya makusudi, ila umehamia fomu nyingine. Sikujua tena lipi lilikuwa la kumsaidia na lipi la kumpoteza. Nikaona saa: kasoro dakika sita. Nikaandika.

“Nampenda. Yeye hajaambiwa.”

Nikatuma kabla sijapata akili. Watu arobaini wakaupata kwa pamoja, na yeye kabla yao, kwani alikuwa amesimama nyuma yangu na alikuwa ameshausoma ukiwa bado na wino mbichi, kama ungekuwa na wino. Akaondoka taratibu nyuma ya kiti akarudi dirishani. Mimi sikuthubutu kugeuka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Katibu hakukawia. “Vipimo vyote vya Mpimaji juu ya jambo hili vimefutwa, vya kwanza na vya pili. Kura yake haihesabiwi. Kura nyingine zinabaki kama zilivyo.” Wawili watatu waliokuwa wamehama wakarudi upande wa Mawingu. Nilikaa nahesabu. Saa kumi na mbili ikafika. Maktaba ya zamani kura kumi na saba, mpya kumi na sita.

Kura moja. Zikilingana, kanuni zetu zinampa ushindi mleta kazi, na kura ya kuzilinganisha ilikuwa yangu.

Hapo ndipo nilipogeuka. Machozi yalikuwa yananitoka bila ruhusa. Nikamwambia anisamehe, nimemtupia kazi yake yote jalalani kwa maneno matatu, na hata hayo maneno sijui kama aliyataka. Nikamwambia kama anataka kuwahi basi, Baba atamwelekeza njia ya mkato. Niliongea mengi, na yote yalikuwa ya kipuuzi. Yeye alikuwa ameinamia simu anaandika, wala hakuinua kichwa, nikajua anatafuta tiketi.

“Kwa hiyo imeshindwa?” Baba akauliza kutoka kwenye usukani wake, bila kugeuka.

“Imeshindwa, mzee,” Mawingu akajibu, huku bado anaandika.

“Na haya ya kwangu, unayaondoa?”

“Hapana, mzee. Hayo ya kwako yatabaki.”

Baba akaguna, ule mguno wake wa kumkubali mtu nusu. Kisha akatuambia tupunguze kelele, anatua.

Kompyuta yangu ikalia. Ukumbini palikuwa na ujumbe mpya, na mtumaji alikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Kanuni zetu zinamruhusu mwenye kazi kusahihisha fomu iliyoandikwa juu yake, kama ameona kosa. Nami nikasoma, herufi zinacheza mbele ya macho:

“Masahihisho ya mwenye kazi. Mstari wa tatu si sahihi. Palipoandikwa ‘Nampenda. Yeye hajaambiwa’, pasomeke: ‘Wanapendana’.”

Nikausoma tena. Chini yake Katibu, ambaye kwa miaka yote ile sijawahi kumwona akiandika neno lisilo la lazima, alikuwa ameshajibu: “Yamepokelewa.”

Nikainua uso. Mawingu alikuwa ameweka simu mfukoni, mikono imekosa pa kwenda. Basi la saa moja hatukulitaja tena. Mama akatoka jikoni anafuta mikono, akatutazama mmoja mmoja, mimi na machozi yangu, yeye na mikono yake, Baba na ndege yake, akauliza haya, nani kashinda. Nikamgeuzia skrini asome mwenyewe.